Kanuni za gari la kifahari la 1957 ziandikwe kabla ya faili la kwanza kupokelewa

Mhariri,

Mashindano ya kubuni magari ya kale ya kifahari kwenye mchezo wa kompyuta huharibikia kwenye tangazo. Tangazo likisema tu "buni gari la kifahari la 1957 lisilozidi bei fulani", kila mshiriki atalisoma kwa namna yake, na mwamuzi atajikuta anatunga kanuni huku magari yameshafika mezani. Hapo hata mwamuzi mwadilifu huonekana ana upendeleo.

Tuanze na mwaka. Katika Automation, mchezo unaotumika sana kwa mashindano haya, gari moja lina miaka minne: wa modeli, wa toleo la gari, wa familia ya injini na wa toleo la injini. Kila mmoja unafungua vifaa vyake. Modeli inatawala bodi na chesi, familia inatawala bloku na mpangilio wa vali, na matoleo mawili yanatawala mengineyo, kama vile breki, tairi na kabureta. Yote minne itajwe. Modeli na familia zisivuke 1957, na anayetaka injini ya zamani aruhusiwe, kwani viwanda halisi vilifanya hivyo. Matoleo yote mawili yawe 1957 kamili.

Mwanya mkubwa zaidi uko kwenye pointi za ubora, ambazo mbunifu huongeza au kupunguza kwa kila sehemu ya gari, kuanzia hasi 15 hadi 15. Anayeachiwa kupandisha giaboksi, breki na tairi hadi kileleni anapata gari la muongo unaofuata lenye cheti cha 1957. Tunapendekeza kikomo cha pointi 5 kwa kila sehemu na jumla ya 30 kwa gari zima. Viti na mapambo ya ndani tu viruhusiwe kufika 8, maana huko ndiko gari la kifahari lilikogharimiwa kweli. Pia iandikwe wazi kwamba pointi za chini ya sifuri hazirudishi chochote kwenye jumla. Bila sentensi hiyo mtu atashusha sehemu zisizopimwa na kuzipeleka akiba zake kwenye injini.

Kuhusu teknolojia, kipimo kiwe kimoja: je, ilikuwa imeshauzwa kwenye gari la barabarani kufikia mwaka huo? Breki za diski za mbele zinapita, kwa kuwa Citroën DS ilizinduliwa nazo 1955. Mikanda ya usalama ya kushika sehemu tatu haipiti, kwani Volvo ilianza kuifunga 1959. Springi za hewa zilikuwamo kwenye Cadillac Eldorado Brougham ya 1957, lakini zilivuja, na wenye magari wengi wakarudishia springi za koili. Kwa hiyo zisikatazwe, ila alama za uimara ziwe na uzito wa kutosha kumfanya mbunifu afikirie mara mbili.

Waandaaji wengi hunakili nguvu za farasi kutoka vitabu vya matangazo vya Marekani vya wakati ule na kuzifanya kiwango cha chini. Ni kosa. Takwimu zile zilipimwa injini ikiwa peke yake, bila vifaa vinavyoilemea garini. Marekani ilipohamia kipimo kipya, cha injini ikiwa na vifaa vyake, kwa magari ya 1972, injini ya Cadillac Eldorado ya lita 8.2 ilishuka kwenye karatasi kutoka farasi 365 hadi 235, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni upimaji tu. Kiwango kinachotokana na takwimu za zamani huwasukuma washiriki kutengeneza injini kubwa mno, nzito na zenye kiu.

Sasa alama. Kumpa wa chini sifuri na wa juu mia ni rahisi, lakini gari moja la kupindukia huvuruga hesabu yote. Magari matano yakipata faraja ya 40, 42, 44, 46 na 80, manne ya kwanza yanaambulia 0, 5, 10 na 15. Mbunifu wa 46 amefanya kazi nzuri na hakuna kinachoonekana. Afadhali waandaaji watengeneze gari la mfano kwa kanuni zao wenyewe, watangaze namba zake, na gari la kila mshiriki lipimwe kwa kulinganishwa nalo, alama zake zisivuke mara moja na nusu ya zile za mfano. Gari hilo la mfano lina faida nyingine: kama waandaaji wenyewe wameshindwa kulitengeneza ndani ya bei waliyoweka, bei hiyo haifai.

Umbo lipewe alama 30 hadi 40 kati ya 100. Waamuzi wawe watatu, kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake, na picha zifike kwao bila jina la mbunifu.

Toleo la mchezo litajwe kwa namba, kwani sasisho moja linaweza kubadilisha takwimu za gari lilelile. Nyongeza za mchezo (mods) zinazoruhusiwa ziorodheshwe zote. Saa ya mwisho ya kupokea magari iandikwe kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Faili la gari lenye kosa la kanuni lirudishwe mara moja kwa marekebisho ndani ya saa 48, na marekebisho yaguse kosa hilo tu.

Waamuzi wa mashindano ya kubuni magari