Shajara ya mwanafunzi isisomwe na mtu mwingine

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wazazi, walimu na bodi za usimamizi wa shule za hapa Nakuru wawape wanafunzi muda na daftari la kuandika mambo ya nafsi zao, kisha wafanye jambo ambalo najua ni gumu zaidi: wasilisome daftari hilo.

Katika somo la Kiswahili, shajara hufundishwa miongoni mwa insha za kiuamilifu, ambapo mwanafunzi hukumbushwa kuweka tarehe, kufuata mpangilio na kuchunga lugha, na mwishowe hutuzwa alama. Ni mafunzo mazuri, nami nimeyatoa kwa miaka mingi. Hata hivyo, matukio ya shajara hiyo aghalabu hubuniwa ili kumridhisha mtahini, na kijana anaweza kumaliza shule ya upili bila kuandika ukurasa hata mmoja usioguswa na kalamu nyekundu. Aliyezoea kupata nane kwa ishirini kila anapotia wino kwenye karatasi huanza kuamini kwamba hiyo nane ndiyo thamani yake yeye mwenyewe, na sisi tunaoshughulika na ushauri nasaha ndio tunaokutana naye baadaye, ameinamisha kichwa, hana la kusema.

Manufaa ya kuandika kwa ajili ya nafsi yamechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1986, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walioandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Wale walioandika juu ya mambo mazito yaliyowahi kuwapata, wakieleza tukio pamoja na hisia zao, walimaliza wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoanza, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Huzuni hiyo ya mwanzo isifichwe, maana mwalimu asiyeijua anaweza kuingiwa na hofu akalisitisha zoezi siku ya kwanza. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida yenyewe, kwa wastani, ni ya kadiri tu. Pennebaker na wenzake walibaini pia kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao maandishi yao, siku baada ya siku, yalizidi kuwa na maneno ya kutaja sababu na ya kuonyesha kwamba mwandishi ameanza kuelewa. Kurudia malalamiko yale yale hakutoshi.

Daftari lenyewe halihitaji ustadi wowote. Mwanafunzi anaweza kuchora, kubandika picha alizokata kwenye magazeti makuukuu, kutunga beti mbili tatu zisizo na vina, au kumwandikia marehemu baba yake barua ambayo haitatumwa kamwe. Anaweza kuandika kwa Gikuyu, kwa Kikalenjin, kwa Dholuo au kwa Sheng, kwa kuwa hapa hakuna anayesahihisha. Namshauri pia aandike mambo aliyoyafanya vyema, hata yakiwa madogo kama kumtetea mwenzake aliyekuwa akichekwa, kisha mwisho wa muhula azirudie kurasa za mwanzo. Mara nyingi atakuta hofu iliyomnyima usingizi mwezi wa kwanza imekwisha bila yeye kutambua, na ushahidi wa aina hiyo, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe, humjengea kujiamini kuliko sifa tunazommwagia sisi wakubwa.

Yote hayo huharibika siku daftari linapofunguliwa na mtu mwingine. Katika baadhi ya shule za bweni, ukaguzi wa masanduku huishia kwa daftari la mtoto kusomwa kwa sauti mbele ya gwaride, na sioni adhabu inayovunja moyo kuliko hiyo. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutofichuliwa mambo yake ya binafsi pasipo sababu ya lazima, na hakikuwatoa nje walio na sare za shule. Mzazi naye ambaye hupekua kurasa za bintiye akitafuta jina la mvulana atalipata jina hilo mara moja. Baada ya hapo bintiye hataandika tena lolote la kweli.

Najua hoja ya wanaopinga: je, mtoto akiandika kwamba anataka kujidhuru? Tangu siku ya kwanza aelezwe wazi kwamba kurasa ni zake, lakini mlango wa mshauri u wazi na kuna mambo ambayo hayafai kuachwa kwenye karatasi pekee. Mwalimu anayeona dalili za hatari, kama vile mtoto kujitenga, kuacha kula au kugawa vitu vyake, amwite na amuulize ana kwa ana, kisha amfikishe kwa daktari bila kukawia. Daftari haliwezi kufanya kazi ya hospitali.

Ninachoomba ni dakika ishirini za masomo ya jioni kila Ijumaa, na daftari moja la kawaida kwa kila mwanafunzi. Wanaosomea kutwa na kuishi Kaptembwo, Bondeni au Kivumbini wana shida nyingine, kwani familia nzima hulala chumba kimoja na hakuna pa kuficha kitu. Kwa hao, shule iweke kabati lenye kufuli, kila daftari liwe ndani ya bahasha iliyogundishwa na kutiwa sahihi na mwenyewe, na mwanafunzi pekee ndiye aifungue.

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Nakuru