Kadi za mkono zisizikwe pamoja na kadi za harusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala wa kadi za mwaliko, ambao kwa muda sasa umekuwa ukiendelea majumbani, kwenye kamati za harusi na hata katika mabaraza ya makanisa yetu. Hoja inayotawala ni kwamba kadi ya karatasi imepitwa na wakati, kwamba ujumbe wa simu wenye picha na alama ya kuhakikiwa mlangoni unatosha kabisa, na kwamba fedha inayookolewa iende kwenye chakula au wapewe maharusi wenyewe wakaanzie maisha. Kuhusu kadi za harusi, sina ubishi na hoja hiyo. Kadi yenye maandishi ya dhahabu, ambayo jina la mgeni hujazwa kwa kalamu juu ya mstari wa nukta na pembeni ikaonyeshwa kama ni ya singo au ya dabo, ni tiketi ya kuingilia ukumbini, nayo aghalabu humfikia yule tu aliyemaliza mchango wake. Tiketi inaweza kukaa kwenye simu bila mtu yeyote kupungukiwa.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba, kwa kuihukumu kadi hiyo, tunaihukumu pia nyingine ambayo haikuwa na kosa. Ninayoitetea ni kadi ndogo inayotengenezwa nyumbani au katika darasa la shule ya Jumapili kwa karatasi, mkasi na gundi, ikaandikwa jina la mtu mmoja na kupelekwa kwa mtu huyo: mtoto aliyepokea kipaimara, bibi ambaye miguu haimruhusu tena kufika ibadani, kijana aliye bweni mkoa wa mbali, katekista anayestaafu, mjane ambaye matanga yamekwisha na watu wametawanyika.

Wanaosema kwamba ujumbe wa simu umeiua kadi wangefanya vyema kukumbuka jinsi kadi ya dukani yenyewe ilivyozaliwa. Mwaka 1843, huko London, mtumishi wa serikali aliyeitwa Henry Cole alikuwa na rundo la barua za Krismasi alizotakiwa kuzijibu na hakuwa na muda wa kuzijibu. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha ya familia iliyokaa mezani, zikachapwa nakala zipatazo 1,000, na zile ambazo hakuzihitaji mwenyewe zikauzwa kwa shilingi moja moja, bei ambayo kibarua wa wakati ule hakuimudu kirahisi. Stempu ya peni moja ilikuwa imeanza kutumika Uingereza miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1840, na ndiyo iliyofanya barua kuwa nyingi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kadi ya kuchapwa kiwandani ilibuniwa tangu mwanzo ili kumwepusha mtu na kazi ya kuandika. Picha ya mshumaa na kengele inayosambazwa kwenye makundi ya simu kila tarehe 24 Desemba, ikiwa imepitia mikono ya watu mia kabla ya kukufikia, ni mjukuu halali wa kadi ile, na sioni sababu ya kuulilia ukoo huo.

Kadi ya mkono ni ya ukoo mwingine, na mahali ambapo tofauti hiyo huonekana waziwazi ni kwenye msiba. Tunajua taratibu zetu: maturubai hufungwa, daftari la rambirambi hufunguliwa, simu za pole humiminika, na mara nyingi hupokelewa na shemeji au binamu kwa sababu mfiwa mwenyewe hana nguvu ya kuzipokea. Kwa wiki nzima nyumba haina nafasi ya kukaa. Kisha maturubai hufunguliwa, viti hurudishwa, na mama aliyefiwa hubaki na vyombo vya kuosha na kitanda chenye nafasi. Kadi inayofika mwezi mmoja baadaye humkuta akiwa peke yake, wakati ambapo watu wengine wanadhani amekwisha kupoa, na anaweza kuisoma kwa kasi yake mwenyewe na kuirudia usiku anapokosa usingizi. Ndani yake paandikwe jina la marehemu, na jambo moja ambalo mwandishi alilishuhudia kwake, hata kama ni dogo kama kwamba ndiye aliyekuwa akifungua kanisa kabla ya ibada ya alfajiri na kupanga vitabu vya nyimbo.

Hapa niruhusu neno moja kuhusu aya za Biblia, kwa kuwa hata wenye nia njema hukosea. Karibu kila kadi ya rambirambi niliyoiona imebandikwa maneno ya Ayubu 1:21, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Maneno hayo aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Rafiki zake waliokuja kumfariji, kama sura ya pili inavyoeleza, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo mmoja wao kumwambia neno lolote, na ilikuwa heri kwao wangeendelea hivyo, maana balaa lilianza walipofungua vinywa. Anayeandika kadi ya pole achague aya ambayo msemaji wake ni mfariji, au aache aya kabisa na kuandika alichokiona.

Kwa sherehe za furaha mambo ni mepesi zaidi. Mtoto wa kipaimara siku hizi huvikwa mataji ya utepe unaong'aa mpaka shingo hufichika, na bahasha za fedha hupokelewa na mzazi. Vitu hivyo vyote huisha ndani ya juma. Kadi ya msimamizi wake, yenye jina la mtoto lililoandikwa sawasawa, tarehe, jina la kanisa na sentensi mbili za kumwombea, inaweza kukaa katika Biblia yake mpaka awe na watoto wake.

Nimefundisha stadi za kazi katika shule za msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo wasomaji watanisamehe nikikaa kidogo juu ya utengenezaji wenyewe, maana wengi hudhani unahitaji vifaa vya bei kubwa. Karatasi ya kawaida ya kudurufia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo ni nyepesi mno, kadi yake hulala kama jani lililonyauka. Inafaa manila ya gramu 200 hadi 250. Nusu ya ukubwa wa A4, ikikunjwa mara moja, hutoa kadi ya milimita 105 kwa 148, na kadi hiyo huingia vizuri katika bahasha ya milimita 114 kwa 162 inayopatikana kwenye steshenari yoyote. Karatasi ina upande ambao nyuzi zake zimelala. Ukiipinda taratibu kwa huku na kwa huku utasikia upande mmoja unakubali na mwingine unabisha. Ikunjwe kwa upande unaokubali, baada ya kuburuta kalamu iliyokwisha wino kando ya rula ili kuweka mfereji, na mkunjo utatoka umenyooka bila kupasuka.

Bahasha haina haja ya kununuliwa. Kalenda za ukutani ambazo dayosisi, majimbo na kampuni hutugawia kila Januari huchapwa kwenye karatasi nzito ambayo mara nyingi nyuma yake ni nyeupe tupu, na ifikapo mwisho wa mwaka huwa hazina kazi. Fungua taratibu bahasha moja ya zamani, ilaze juu ya ukurasa wa kalenda, chora pembezoni, kata, kunja, gundisha. Gundi ya uji mzito wa ngano inatosha, ila ipakwe kwa wembamba na ikauke kabisa, kwa sababu mende huipenda kuliko sisi tunavyoipenda. Mapambo yapo shambani: vipande vya majani makavu ya migomba vyenye rangi kuanzia ya maziwa hadi ya kahawa, na maganda ya mahindi yaliyonyooshwa kwa pasi isiyo kali. Watoto wakitumia karatasi za rangi, wafundishwe wakati huohuo rangi za mwaka wa kanisa, zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Krismasi na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, na kijani ya Jumapili nyingi zilizobaki. Somo ambalo hupita masikioni kila mwaka litabaki vidoleni. Glita naomba ibaki dukani. Huanguka, haifagiliki, na hufika mpaka kwenye kitambaa cha altare.

Sisi wa Iringa hatuna udhuru wa kusema kwamba kazi ya karatasi ni ya wazungu au ya watoto. Kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa hapa mjini mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilianza na vijana wachache viziwi waliojifunza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, na nyuzi za nyasi na magome hutoka zikiwa nzima. Zikichemshwa, zikaoshwa, zikapondwa na kuchekechwa kwenye fremu yenye wavu, hupatikana karatasi ngumu yenye madoadoa ambayo kadi yake inapendeza kuliko ya kiwandani. Tumezoea kuiona kama bidhaa ya watalii. Siielewi hali ya watu wa mji huu kuagiza kadi za plastiki zenye maua ya nchi nyingine kwa ajili ya jubilei za mapadri na wachungaji wao, ilhali karatasi hii inatengenezwa na majirani zao.

Nageukia sasa posta, ambayo wengi wanadhani imebaki na kazi ya vifurushi na nyaraka za ofisi tu. Zamani, kabla na hata baada ya Shirika la Posta Tanzania kujitegemea mwaka 1994 lilipotenganishwa na simu, sanduku moja la parokia au usharika lilikuwa mlango wa kijiji kizima. Barua iliandikwa jina la mpokeaji, chini yake "kwa mkono wa" katekista, mwinjilisti au mwalimu mkuu, kisha S.L.P. ya kanisa, na majina ya wenye barua yakasomwa pamoja na matangazo baada ya ibada. Masanduku hayo bado yapo na ada yake inalipwa kila mwaka. Yamejaa mialiko ya semina. Watu haohao waliopokea barua kwa njia hiyo ndio ambao, kwa miaka mingi, walinunua kadi za salamu, wakazijaza majina ya jamaa na marafiki kwa mwandiko wa kujitahidi, wakazibandika stempu na kuzituma redioni ili majina hayo yasikike hewani kwa sekunde chache. Anayesema kwamba watu wetu hawana desturi ya kutuma kadi amesahau jambo hilo.

Ombi langu kwa viongozi wa makanisa ni kwamba waanzishe upya matumizi ya sanduku hilo. Kila parokia au usharika una orodha ya wagonjwa na wazee wanaopelekewa ushirika nyumbani, na unawajua wanafunzi wake walio mbali. Darasa la kipaimara ligawiwe majina hayo, kila mtoto na jina lake moja, aulize habari za mtu huyo kwa wazazi au kwa viongozi wa jumuiya, kisha atengeneze kadi na kuiandika mwenyewe. Kwa walio mijini, anwani za makazi zilizowekwa wakati wa operesheni ya mwaka 2022, zenye namba ya nyumba, jina la mtaa na postikodi, ziandikwe pia pamoja na S.L.P., maana vibao tumebandikiwa na havina budi kutumika. Kadi ya manila pamoja na bahasha yake na karatasi moja ya barua, ambayo peke yake ina gramu 5, haivuki gramu 20, ambazo katika posta nyingi duniani ndizo daraja la kwanza na la chini kabisa la nauli ya barua. Fedha taslimu isitiwe ndani ya barua ya kawaida. Kwa hilo simu inatosha na ni salama zaidi.

Nimeambiwa kwamba wazee wengi hawasomi, hivyo kadi kwao ni bure. Mzee asiyesoma husomewa na mjukuu, naye huomba asomewe tena mgeni mwingine anapokuja, na kwa njia hiyo kadi moja husikika na nyumba nzima. Ndugu zetu Waislamu, ambao nimeona watoto wao wakitengeneza kadi za Idd kwa ustadi mkubwa madarasani, watakuwa na mifano yao ya kuongeza.

Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Kadi zinazotakiwa kufika kabla ya Krismasi zinapaswa ziwe zimekwisha kukatwa na kuandikwa kufikia siku hiyo, na kwa hiyo walimu wa shule ya Jumapili waanze kukusanya kalenda kuukuu na manila mwezi Oktoba. Nao wa Posta, kama wanausoma ukurasa huu, wafikirie kuruhusu ofisi za parokia na sharika zilizo mbali na mji kuuza stempu mojamoja, kwa sababu nauli ya kwenda wilayani kununua stempu moja ni kubwa kuliko bei ya stempu yenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Iringa