Vichekesho siyo mteremko, na tafadhali mkija kaeni viti vya mbele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua manake hili jambo limenikaa kooni tangu kikundi chetu cha maigizo kilipobandika orodha ya msimu ujao. Maigizo matano, matatu vichekesho vitupu na mawili ya muziki, yale ya kuimba na kucheza mwanzo mwisho. Orodha haijamaliza hata siku tatu ubaoni maneno yakaanza. Ooh mwaka huu wameamua kwenda kwa mteremko. Ooh wameishiwa, hawana la maana la kusema. Mwingine, mtu mzima ninayemheshimu kabisa, akaniuliza hivi hamna hata tanzia moja, igizo la majonzi, tuje tulie kidogo? Nikacheka pale pale, ila nilipofika nyumbani nikajikuta nimekasirika.

Nijitambulishe kwanza. Mimi siigizi. Mimi ndo yule anayekaa pembeni gizani na skripti mkononi na kitochi kidogo, mtu akisahau maneno namnong'oneza, mlango wa steji ukikwama natengeneza mimi. Kwahiyo nimeyaona haya mambo kwa upande ambao nyie wa kwenye viti hamuuoni, na nawaambia bure, tanzia ni mapumziko. Kweli kabisa. Usiku wa tanzia nakaa nimekunja miguu. Usiku wa kichekesho nasimama wima kama mlinzi wa zamu.

Kwanini? Kwenye tanzia mwigizaji akichelewa kidogo kusema neno lake watu wanadhani ana uchungu mwingi. Kwenye kichekesho akichelewa hivyo hivyo utani umekufa, na maiti inabaki pale katikati ya steji kila mtu anaiona na hakuna wa kuitoa.

Kuna mwaka tulicheza kile kichekesho cha milango, mnakijua cha aina hiyo, mke anatokea huku mume anaingilia kule na mgeni kajificha kabatini. Milango minne. Kazi yote ni milango, maneno yanasindikiza tu. Tulifanya mazoezi ya kufunga milango peke yake wiki mbili nzima, jioni kwa jioni, mpaka wanaokaa jirani na ukumbi wakaja kuuliza kama kuna ugomvi. Mwongozaji anahesabu kwa vidole, mlango wa kwanza pa! moja mbili, mlango wa tatu pa! Sasa usiku wa kwanza si kitasa cha mlango wa pili kikabaki mkononi mwa kijana aliyetakiwa atoke. Kabaki nacho. Anakiangalia. Mimi kule nyuma nimeshika bisibisi jasho linanitiririka kwa sababu dada anayetakiwa aingie mlango wa nne anasubiri asikie wa pili umefungwa ndo aingie, hausikii, haji, na kabatini kuna mtu anaishiwa pumzi. Yule kijana akapiga magoti, akakilaza kitasa sakafuni taratibu kama analaza mtoto mchanga, alafu akasema kwa mdomo wake mwenyewe: "Pa." Kwa mdomo! Dada akaingia. Ukumbi ukapasuka. Usiku uliofuata kuna watu walirudi na ndugu zao waje waone kitasa kinang'oka, hakikung'oka, nilikuwa nimekikaza mwenyewe, wakatuona tumewapunja.

Huo ndo mteremko wanaousema.

Na kuna kitu mtu wa nje hakijui. Utani unachekesha siku ya kwanza tunaposoma skripti tumekaa duara. Wiki ya pili watu wanatabasamu. Ikifika ya tano hakuna anayekumbuka kilikuwa kinachekesha nini, na hapo wageni wa kazi wanaingiwa na woga wanaanza kuongeza madoido, macho yanakodolewa, sauti zinabanwa puani. Mwongozaji anayejua kazi yake anawazuia, anawaambia fanyeni kama mnaamini. Mtu anayetafuta funguo zake nyumba nzima wakati zimening'inia shingoni kwake hachekeshi akionekana anajua ziko wapi. Anachekesha kwa sababu anazitafuta kweli, na anaanza kumshuku mke wake.

Alafu kuna kungojea kicheko. Kicheko kinapanda, kinafika juu, kinaanza kushuka, na mwigizaji inabidi aseme neno linalofuata wakati kinashuka ila hakijazima. Akiwahi hasikiki, akichelewa ukumbi umepoa. Sasa niambieni utalifanyia wapi mazoezi jambo hilo, kwenye ukumbi mtupu wenye viti na mimi na kitochi changu? Mwenzetu wa kufanya naye mazoezi anakuwa hajaja bado, ndo nyie.

Wanaosema vichekesho ni vitu vya kitoto nawaomba waende nyuma kidogo. Pale Athens ya Wagiriki wa kale kichekesho kilipewa shindano lake rasmi kwenye sikukuu ya Dionysus, mungu wao wa mvinyo, tangu mwaka 486 kabla ya Kristo, na kwaya ya kichekesho ilikuwa na watu 24 wakati ile ya tanzia ilikuwa na 12, baadaye 15. Na hao wanakwaya walikuwa raia wa kawaida tu, tajiri mmoja anabebeshwa mzigo wa kuwagharamia mafunzo na mavazi. Yaani watu 24 ambao sio wasanii wa kazi hiyo wanaimba na kucheza ngoma ndani ya kichekesho. Hiyo na sisi ina tofauti gani jamani, zaidi ya kwamba sisi tajiri wa kutuvisha hatuna?

Na hata sisi wa Kiswahili tusijifanye wageni. Ile Mabepari wa Venisi aliyotafsiri Mwalimu Nyerere, iliyotoka 1969, waliokusanya kazi za Shakespeare mwaka 1623 waliiweka kwenye fungu la vichekesho. Wengine tumeisoma tumekunja sura tunasaka dhamira na maudhui ya kujibia mtihani, kucheka hata haikutujia akilini kwamba inaruhusiwa.

Haya, ya muziki sasa. Hapa ntasema ukweli ambao wenzangu kwenye kamati pengine wangependa nisiuseme: yanaingiza watu. Tanzia ya watu sita inataka watu sita. La muziki linataka kijiji kizima, wahusika wakuu wachache, kwaya ya watu ishirini au zaidi, wapiga vyombo, washonaji, wa taa, wa kusukuma mapambo ya steji, na kila mmoja wao ana mama, ana shangazi, ana watu wa kazini kwake wanaotaka kuja kumuona amevaa kofia ya manyoya. Hiyo ni hesabu na siioni aibu. Mawili ya muziki ndo yanatubebea mwaka mzima.

Ila sio hesabu tu. Kwaya ndo mlango wa mtu mwenye haya. Huwezi kumchukua mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu ukampa kurasa arobaini za maneno, lakini ukimuweka mstari wa nyuma, katikati ya wawili wanaojua, anaimba, anajificha kidogo, anazoea, na msimu wa tatu huyo huyo ndo anakulalamikia kwanini hajapewa nafasi kubwa. Nimeshuhudia mara nyingi mno.

Na msidhani tunaokota tu nyimbo tunaimba. Igizo la muziki ambalo waliolitunga wako hai au hawajafa zamani lina wenyewe. Unaomba leseni, unalipia, mara nyingi kwa idadi ya maonyesho, na huruhusiwi kukata wimbo wala kubadilisha maneno bila idhini. Vitabu vya nyimbo mara nyingi unakodishiwa, vinarudi, na kabla ya kurudi mnatakiwa mfute kila alama ya penseli mliyoandika. Siku moja tulikaa wanne mpaka usiku mkubwa tunafuta, meza imejaa makombo ya raba, mikono inauma, na kwenye kitabu kimoja tukakuta mwandiko wa mtu wa kikundi kingine kabisa ambacho hatutakijua, kaandika kwa herufi ndogo juu ya mstari mrefu, "pumua hapa". Pale ndipo na sisi mtu wetu alikuwa anaishiwa pumzi kila siku. Hatukulifuta.

Ya zamani ndo nafuu, manake Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, unasema haki ya mtunzi inadumu angalau miaka 50 baada ya kufa kwake, nchi nyingi zimefikisha 70, ikipita hapo kazi ni ya wote. Lakini napo kuna mtego, unakuta mtunzi kafa karne tatu zilizopita ila aliyeitafsiri yuko hai na simu anapokea, na tafsiri ni mali yake.

Hii ya kutobadilisha maneno ndo inayofanya tusome sana kabla ya kuchagua. Kuna maigizo yana utani wa kumcheka mtu kwa sababu ni kilema au kwa lafudhi yake tu, na ukishalipia huwezi kuuchomoa kimyakimya. Tulikataa mawili kwa sababu hiyo, moja lilikuwa na nyimbo nzuri mno, mpaka leo kuna mwenzetu anaziimba akiwa anafagia steji, kwa kunikomoa nadhani.

Sio kwamba mimi sina langu dhidi ya huu msimu. Ninalo. Matano ya kukimbia mfululizo ni mengi, kwenye la muziki watu wanafanya mazoezi ya kuzunguka ukumbi mbio huku wanaimba ili kifua kizoee, na kabla hawajapoa wanaingia kwenye milango. Ningeulizwa mimi ningeweka tanzia moja katikati. Ili watu wapumzike.

Sasa kilichonikalisha kuandika hasa ni viti. Mnakuja, tunashukuru, alafu mnatawanyika kama mmegombana. Mmoja kule ukutani, wawili mlangoni, safu tatu za mbele zinabaki nyeupe kwa sababu kila mtu anaogopa ataitwa steji, hakuna anayewaita jamani. Kicheko kinaambukiza kama mwayo na kinahitaji bega la jirani. Watu sitini wakibanana mbele wanacheka mpaka kuta zinasikia, hao hao sitini ukiwasambaza ukumbi mzima kila mmoja anajisikia kama anacheka peke yake msibani, anaziba mdomo, na kule steji waigizaji wanasikia kimya wanaanza kukimbiza maneno, wakikimbiza wanaharibu, wakiharibu mnasema si tulisema wameishiwa. Tanzia inaweza kuishi kwenye ukumbi nusu, watu wakikaa kimya tunasema wameguswa. Kichekesho hakiwezi.

Na msijazane usiku wa kwanza tu. Usiku wa kwanza ni wa ndugu na jamaa, wanacheka hata pasipo na utani, mpaka wanawaharibu waigizaji. Usiku wa pili ndo wa hatari, woga umeisha, uchovu umeingia, kila mtu anasubiri kicheko pale pale kilipotokea jana na hakiji, kinakuja kwingine. Njooni huo. Kaeni mbele, sogeleaneni, simu zizimwe kabisa, manake ukiiwasha gizani steji nzima inauona uso wako na unakuwa wewe ndo kichekesho.

Mtu akisahau maneno mtasikia mnong'ono kutoka kushoto. Ni mimi, na bisibisi iko mfukoni.

Wako,
Mshika skripti