YAH: KASORO ZA NYUMBA MLIYOTUKABIDHI GOBA, NDANI YA KIPINDI CHA MATAZAMIO

Meneja Mradi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu; bado tuko ndani ya muda ambao mnawajibika kurekebisha kasoro.

Wiki iliyopita mlimtuma fundi akiwa na ndoo ya rangi na brashi. Tafadhali asirudi na vitu hivyo. Kasoro kubwa ya nyumba hii ni maji, na rangi haiwezi kuzuia maji yanayotokea nyuma yake.

Naanza na bafu la chumba kikuu. Kutoka ukutani hadi kwenye tundu la maji ni mita 1.5. Katika umbali huo sakafu ilipaswa kushuka walau sentimita 1 kwa kila mita, lakini pimamaji inaonyesha imepanda milimita 4. Ukimwaga ndoo moja ya lita 20, nusu yake inaelekea mlangoni. Kati ya vigae 42 vya sakafu, 17 vikigongwa kwa sarafu vinalia utupu. Tumeng'oa kimoja: chini yake kuna madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, na hakuna hata dalili ya dawa ya kuzuia maji. Dawa hiyo imo kwenye mchanganuo wa gharama, mikono miwili (yaani kupakwa mara mbili), ikipanda ukutani sentimita 15, na ililipiwa. Kwa hiyo maji yanapenya kwenye grauti (kijazo cha kati ya vigae), yanatuama katikati ya madonge, kisha yanaingia ukutani. Upande wa pili, chumba cha watoto, plasta imevimba na kutoa chumvi nyeupe hadi kimo cha sentimita 35.

Fundi wenu alisema nyumba mpya hutoa unyevu wake na utakwisha. Ni kweli nyumba mpya hukauka polepole, ila unyevu wa namna hiyo hupungua, huu unapanda. Wala hautoki ardhini, maana kuta nyingine za ndani zilizosimama juu ya jamvi (zege la sakafu) hilohilo ni kavu. Bafu lilipofungwa siku tano, doa lilififia. Lilipotumika siku mbili, likarudi.

Matengenezo yanayokubalika ni haya: vigae vyote vya sakafu ving'olewe, pamoja na mstari wa chini wa vigae vya ukutani (kwenye eneo la kuogea, hadi mita 1.8), sakafu ipigwe upya kwa mteremko, dawa ipakwe mikono miwili, mkono wa pili baada ya wa kwanza kukauka, na kwenye eneo la kuogea ipande hadi mita 1.8. Kabla kigae chochote hakijarudishwa, tundu lizibwe, mlango uwekewe kizingiti cha muda, maji yajazwe kimo cha sentimita 5, alama ichorwe ukutani, tusubiri saa 24 tuone kama maji yameshuka. Vigae vibandikwe kwa gundi iliyosambazwa kwa mwiko wenye meno. Madonge sitayapokea.

Kwenye paa, skrubu tatu zimepigwa katikati ya bati la vali (mfereji wa pale miteremko miwili ya paa inapokutana), palepale maji yanapopita, kisha zikapakwa silikoni. Silikoni hiyo si kinga ya kudumu. Bati hilo libadilishwe, na skrubu zikae pembeni.

Nyufa za nywele kwenye plasta sizilalamikii; plasta hujikunja ikikauka. Ufa wa dirisha la sebule ni jambo jingine: umekwenda mshazari kutoka pembe ya juu, una upana wa milimita 2, na unaonekana ndani na nje. Plasta ilipochokonolewa, lenta (boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha) ilikutwa imekalia tofali kwa sentimita 7, wakati mchoro unataka 20. Hapo namtaka mhandisi, siyo fundi plasta. Tumebandika kipande cha kioo juu ya ufa na kuandika tarehe. Kikipasuka tutajua ukuta bado unasogea. Msikiondoe.

La umeme halisubiri ratiba. Soketi mbili za jikoni hazina ertha (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja): waya upo ndani ya boksi, umekunjwa tu bila kufungwa. Soketi hizo tumezizima kwenye breka. Mleteni fundi umeme mwenye leseni ndani ya siku mbili, apime nyumba nzima na kutuachia majibu kwa maandishi.

Asilimia 5 ya malipo iliyozuiliwa kwa mujibu wa mkataba haitatolewa hadi jaribio la maji la saa 24 lifaulu na ripoti ya mhandisi ipatikane. Nasubiri ratiba yenu ya kazi ndani ya siku 14. Ikipita hapo bila majibu, nitapeleka barua hii, picha na vipimo kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Mafundi wafike saa 2 asubuhi, siku za kazi. Maji ya kujaribia yapo kwenye tenki, na kile kigae tulichong'oa kimewekwa stoo pamoja na madonge yake.

Wako,
Mwenye nyumba

Nakala: Mhandisi mshauri wa mradi