Rukia, kabla hujavaa hizo skii

Chikongola, Mtwara
Jumatano usiku

Shoga yangu Rukia,

Habari za huko, za baridi, za masomo? Sisi wazima, mama anakusalimia sana, mvua leo siku ya tatu na njia ya kushukia kwetu ni tope tupu, bodaboda wanatushushia juu kule kwa Bi Somoe tunamalizia kwa miguu. Mwanahawa kajifungua salama, wa kiume. Mengine ntakwambia tukiongea maana sijakaa kuandika umbea leo.

Ni ile sauti uliyonitumia jana. Nimeisikiliza mara tatu. Unasema Jumamosi wenzio wa darasani wanakupeleka mlimani kuteleza na skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, koti umeazimwa, viatu na mbao mtakodi hukohuko, na nyuma nawasikia wanacheka. Nilifurahi wallahi, mtoto wa Mikindani kwenye theluji ya Innsbruck huko Austria, nikamwita mama aje asikie. Halafu taa nimezima usingizi ukaniruka, nawaza magoti yako.

Langu unalijua ila hukuwepo, ulikuwa umeshaenda Dodoma. Ile mechi ya netiboli niliruka nikadaka mpira, nikatua na mguu mmoja, mwili ukageuka mguu ukabaki palepale. Hakuna aliyenigusa. Nikasikia ko! kwa ndani kama mtu kavunja kipande cha muhogo mkavu, na ilipofika magharibi goti limejaa kama dafu. Nikachuliwa na mafuta ya nazi wiki nzima, nilikoenda kutibiwa wakasema nimeshtua msuli tu, nikapewa vidonge vya maumivu nikarudi nyumbani nikaendelea kuchechemea. Miezi minne baadae ndo nafika Dar napigwa MRI naambiwa ACL imekatika, ile ligamenti, yaani kamba inayoshika mfupa na mfupa, ya katikati ya goti inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele. Mpaka leo nasali nimekaa kwenye kiti Rukia. Kusujudu siwezi.

Tangu hapo nimesoma habari za magoti kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote shuleni, na kila nikigusa ACL nakuta skii imetajwa. Karibu theluthi ya majeraha yote ya skii ni goti. Zamani watu huko milimani walikuwa wanavunjika vifundo na muundi, wakatengenezewa viatu vigumu vinavyopanda mpaka juu ya kifundo na kifungo kinachokishika kiatu kwenye ubao na kukiachia ukianguka, na kweli kuvunjika kukapungua sana. Ila goti halikupata nafuu hiyo. Fikiria, kifundo kimebanwa hakizunguki kabisa, na mguuni umefungiwa ubao unaokaribia kidevu chako kwa urefu. Unamkumbuka fundi wa magari pale stendi anavyochomeka bomba kwenye spana ili nati ngumu ikubali? Ubao ndo hilo bomba, nati ni goti lako.

Na hicho kifungo usikiamini kwa kila kitu. Kinaachia ncha ya kiatu ikizungushwa pembeni au kisigino kikivutwa juu pale unapoangukia mbele. Ukianguka kinyumenyume huku umejipinda, mara nyingi hakiachii, maana hakikutengenezwa kulinda ACL. Watu wanadhani kimetengenezwa kwa hilo, ndo maana nakwambia.

Kuna watafiti wa Vermont kule Marekani, Carl Ettlinger na wenzake, wao walikaa na video za ajali wakiangalia moja moja, wakakuta miili inakaa vilevile. Mtu kapoteza balansi kwa nyuma, nyonga zimeshuka chini ya magoti, mkono mmoja umeenda nyuma, uzito wote uko kwenye ukingo wa ndani wa skii ya upande wa bondeni, hapo mkia wa ubao unauma theluji na kulizungusha goti. Wakawafundisha waokoaji na walimu wa skii kuitambua hali hiyo wakiwa bado ndani yake, na msimu wa 1993/94 majeraha mabaya ya goti kwa waliofundishwa yakapungua kwa asilimia 62. Hawakubadilishiwa viatu wala mbao, walifundishwa tu. Ndo maana nimeamka nakuandikia saa hizi.

Sasa nisikilize. Ukiona unaanguka, anguka. Usijaribu kusimama wakati bado unateleza, subiri mpaka utulie kabisa. Usijikalishe chini kwa nyuma ili ujizuie, najua kila mtu ndo kitu cha kwanza mwili wake unataka. Mikono iwe mbele, magoti yabaki yamekunja, usiinyooshe miguu ukiwa chini. Wewe unapenda kujikaza, hata pale tulipopinduka na ngalawa Msimbati ulikataa kuachia kasia, safari hii kujikaza ndo kutakuumiza.

Dukani wanapokodisha watakuuliza uzito, urefu, umri na kama umewahi kuteleza, wanapima na kiatu, halafu kwa majibu hayo wanakaza kile kifungo. Sema kweli yote. Ukijifanya mzoefu kwa kuwaonea aibu wenzio watakikaza na siku ya kuachia hakitaachia, na ukitaja kilo pungufu kitakuwa kimelegea, ubao utakuchomoka katikati ya mteremko. Usikubali rafiki akufungie kwa kukisia.

Wanaoanza watafundishwa kuteleza ncha za mbele zikikaribiana na nyuma mmeachia wazi, kama herufi V iliyopinduliwa. Ni njia nzuri ya kupunguza mwendo ila miguu ikiachana mno, au ubao mmoja ukienda kwake, inayoumia ni ligamenti ya upande wa ndani wa goti. Hiyo ndo inawapata sana wanaoanza, bahati yake nyingi zinapona bila kupasuliwa. ACL ikikatika ni habari nyingine, wanakutoa kano sehemu nyingine ya mguu wanakupandikizia, halafu mazoezi miezi tisa au zaidi. Na sisi wanawake inatukatikia kuliko wanaume, huko kwenye skii mara mbili na kupita. Una mtihani mwezi wa sita wewe.

Chukua mwalimu. Kama hela haitoshi niambie, mchezo wa wiki hii ni zamu yangu, ntakutumia. Mbaki kwenye mteremko wenye alama za bluu, mwekundu waachie wao. Na jioni mapaja yakianza kutetemeka atatokea mmoja aseme twende mara moja ya mwisho halafu tukale, mkatalie, vua viatu kawasubiri mezani. Miguu ikichoka goti linabaki peke yake.

Sikwambii usiende. Ningekuwa na goti zima ningekuomba tiketi. Ila jana nimemuona mdogo wako uani anaruka kamba na wenzie, nikasimama pale nimeshika mlango namwangalia magoti yake tu, nikawaza yako.

Hebu niambie, bima yako ya chuo inalipa ajali ya mlimani? Maana nimesoma huko Austria helikopta ya kukushusha ukiumia michezoni bima ya kawaida mara nyingi hailipi, na bei yake ni ada ya mtu. Umeuliza? Nani anakwenda na wewe, yule Mghana yupo? Anajua kuteleza au nae ndo mara ya kwanza? Umewahi hata kukanyaga hiyo theluji ikiwa barafu? Na lile goti la kushoto ulilokuwa unalalamikia ukipanda ngazi limeisha kweli au umeacha tu kulisema?

Nipigie Ijumaa usiku, hata saa sita. Korosho zako mama ameshazifunga kilo mbili, tunatafuta wa kuja nazo.

Mwenzio,
Asha