Eti nilinunua kivuli

Mama mshauri, jambo. Ni saa tisa za usiku, umeme ulikatika tangu jioni, naandika kwa mwanga wa simu. Watoto wamelala. Mimi sijalala vizuri tangu Dominika, na hii ni Jumanne, au tayari ni Jumatano.

Nianze na lile neno, maana bila hilo sina barua. Dominika shemeji zangu walikuja kula. Nilipika bugali, sombe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga, hakuna aliyelalamika. Mmoja wao akauliza mbona ndani kuna baridi hivi. Bwana yangu akacheka, akasema: "Watu wananunuaka nyumba. Bibi yangu, yeye alinunua kivuli." Wakacheka wote. Hata mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anaosha sahani, nilimsikia akicheka.

Utasema ni mzaha. Mzaha naujua, mimi nauza vitenge Kadutu, nani anaweza kukaa soko lile bila kujua mzaha? Lakini hii ni mara ya nne. Alishalisema kwa jirani, akalisema kwa katekista wetu, akalisema kwa fundi wa sola aliyekuja kufunga plaki juu ya nyumba. Fundi mwenyewe hata hakutujua majina.

Nyumba ni ya matofali, ya tangu wakati wa Wabelgiji, mteremkoni, Ibanda. Tuliinunua Julai 2023. Ina ufa mmoja wa tetemeko la Februari 2008, ufa huo tuliuona na tukapunguziwa bei kwa sababu yake. Na ina miti saba nyuma, mikaliptusi minne, grevilea mbili na sipre moja, yote mirefu kupita nyumba ya ghorofa ya jirani. Sikuificha miti kwenye mkoba, Mama. Bwana yangu alisimama chini yake pamoja na mimi, akavuta hewa, akasema hapa mtu anaweza kuzeeka. Hayo hasimulii.

Na siku ile kulikuwa na jua! Kiwanja kizima kilikuwa kinang'aa, mwenye nyumba alikuwa ameanika maharagi kwenye turubai. Tulirudi mara tatu, asubuhi, mchana, jioni, jua lipo. Sasa kijana wangu anayesoma jiografia ISP, chuo cha walimu, ndiye aliyenichorea kwenye daftari: Bukavu iko kusini ya ikweta, nyuzi 2 na nusu hivi. Mwezi wa sita na wa saba jua linaegemea kaskazini, upande wa ziwa, na kwetu upande huo uko wazi. Mwezi wa kumi na mbili limeshahamia kusini, upande wa Panzi, na huko ndiko miti ilipo. Mti wa mita 25, hata saa sita kamili mchana, unatupa kivuli cha karibu mita 10, sembuse saa tatu asubuhi. Nani ananunua nyumba na daftari la jiografia mkononi? Bwana yangu ana diploma, mimi niliishia wa nne sekondari. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua mambo ya jua, si mimi.

Sikatai, nyumba ina shida. Mvua ikianza mwezi wa tisa ndipo na jua linapotuaga. Ukuta wa nyuma umeota ukungu wa kijani. Nguo za shule zinakauka siku tatu, nikizianua zinanuka. Majani yanaziba mifereji ya manjanja, yaani mabati, kila Jumamosi kijana anapanda kuyatoa na moyo wangu unapanda naye. Nilipanda lengalenga, yaani mchicha, zikatoka nyembamba kama uzi. Shu, zile kabichi, hazikufunga kabisa. Chini ya mikaliptusi hata majani ya sungura hayaoti. Plaki ya sola, fundi alisema kivuli kikigusa kona moja tu, nguvu inashuka sana, na kwetu kinagusa zaidi ya kona. Haya yote nayajua kuliko bwana yangu, maana yeye anashinda mji wa Kamituga wiki tatu, anarudi wiki moja. Baridi hii naikalia mimi.

Kwa hiyo nataka jua. Nimeandika, basi. Nataka jua kwenye kiwanja changu. Lakini nikilisema kwa mdomo, nitakuwa nimekubali kwamba nilinunua kivuli.

Nikueleze kwa nini nililia siku ile mwenye nyumba alipotufungulia lango la nyuma, maana hilo nalo bwana yangu amelifanya hadithi ya kuchekesha watu. Mimi ni mtu wa Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, mvua ilishuka na mlima ukashuka nayo. Bushushu na Nyamukubi, vijiji vyetu, vilikwenda na mawe na matope. Waliozikwa wanahesabika zaidi ya 400, na wengine hawajaonekana. Mama yangu mdogo alikuwa sokoni na ndizi zake. Hatujampata mpaka leo. Nilikwenda, nilitazama ile milima juu yetu, mashamba mpaka kileleni, mti mmoja hapa, mwingine kule. Miezi miwili baadaye naingia kwenye parsele, yaani kiwanja, ya mteremko, naona miti saba imeshika udongo. Nililia. Ningefanya nini? Bwana yangu alijua kwa nini nalia. Alinishika bega. Na leo kwenye bugali langu ni "alinunua kivuli".

Na hela, tuseme ukweli wa hela. Nyumba ilikuwa dola 34,000. Katika hizo, 13,500 ni zangu: miaka kumi na miwili ya vitenge, na sehemu yangu ya shamba la baba ambalo ndugu zangu walinilipa. Sihesabu ili kumwaibisha bwana yangu. Nahesabu kwa sababu anaposema "alinunua", basi aseme pia alinunua kwa hela ya nani. Sitifika ya kadastri, hati ya ardhi, ina jina lake peke yake. Siku ile alisema tusichelewe, tutaongeza lako baadaye. Sikugomba. Mwanamke anayegomba siku ya kununua nyumba anaambiwa amekwisha kupanga kuachana.

Sasa shemeji yangu mkubwa amepata watu wa mbao. Wanakuja Jumamosi hii na msumeno wa mashine, wanaangusha yote saba, magogo mazuri wanapasua mbao, matawi yanakwenda makala, makaa ya kupikia. Wameshatoa dola 400 ya kutangulia. Walimpa shemeji, siyo mimi, wala bwana yangu hakunipigia kuniuliza. Nilisikia kwa mtoto wa shemeji aliyekuja kuomba chumvi. Nilipompigia bwana yangu Kamituga akasema, "Si wewe unalialia ukungu? Shukuru."

Kuna mama mjane chini yetu, nyumba yake iko chini kabisa ya mteremko. Ametuma mtu kuniuliza kama ni kweli, maana miti ikienda, udongo wetu utaingia jikoni kwake. Simchukii kwa kuuliza. Hata mimi ningeuliza.

Na ujue, Mama, dawa ya miti naijua. Kwetu watu wanaishi na mikaliptusi tangu babu. Ukiukata vizuri kisiki kinachipua, mizizi inabaki hai, inashika. Grevilea unaipunguza matawi juu, inavumilia, kila mtu mwenye kahawa anajua. Sipre tu ndiyo ukiikata imekwisha, na sipre iko pembeni, haizuii kitu. Ungekata mikaliptusi miwili mwaka huu, miwili mwaka kesho, wakati wa kiangazi siyo sasa katikati ya mvua, jua lingeingia na mlima ungekaa. Wanaotaka kung'oa na visiki ili wapate makala, hao ndio wa kuogopa. Lakini nikimweleza hivi bwana yangu atasema, tazama, leo ni mwalimu wa misitu, na siku ya kununua alikuwa wapi? Kisha atalisema tena.

Nisikufiche kitu. Jumatatu, baada ya ile simu, nilifungua kabati, nikatoa sitifika na karatasi za kuuza na kununua, nikazifunga ndani ya kitenge, nikapanda taksi mpaka Kavumu, nikaziacha kwa mama yangu chini ya godoro. Sikuiba, nusu ya karatasi hizo ni jasho langu, karibu nusu. Sitaki kuachana. Watoto wanne, miaka kumi na tisa, si mtu mbaya, hanywi, minervali, ile ada ya shule, analipa. Kuna mteja wangu, mke wa wakili, anasema tangu sheria ya familia ilipobadilishwa mwaka 2016 mwanamke hahitaji tena ruhusa ya bwana, na kwamba mali ya nyumba haiuzwi bila wote wawili kukubali. Sawa, lakini nani anampeleka bwana yake tribinali, mahakamani, kwa ajili ya miti? Watu wataanza: ni yule wa kivuli.

Ijumaa bwana yangu anafika tena. Jambo la kwanza atakalotafuta ni karatasi, maana shemeji anataka kuwaonyesha watu wa mbao kwamba parsele ni yetu. Nizirudishe kabla, nikae kimya, miti ianguke na mimi nianike nguo juani kama kila mtu? Au nimwambie ziko wapi, na kwamba zitarudi siku jina langu litakapoandikwa? Mama yangu anasema nizirudishe. Mdogo wangu anasema nisirudishe, na yeye ndiye aliyecheka. Mimi asubuhi naamua hivi, usiku naamua vile. Na nikizirudisha, ataacha kulisema lile neno? Hilo ndilo ningependa kulijua kuliko mengine.

Nijibu kabla ya Ijumaa kama unaweza. Ukichapisha, usiandike avenyu wala kartie, yaani mtaa, na miti usiseme ni saba, maana kutoka barabarani inaonekana na watu watahesabu.

Mama wa watoto wanne, Bukavu