Shingo iliyoumia juu isinyooshwe

Mhariri,

Majeruhi akilalamika maumivu chini ya kisogo, msimnyanyue kwa makwapa wala kumgeuza kichwa ati kumnyoosha. Pingili ya kwanza ya shingo ni pete inayobeba fuvu. Ya pili ina kijino kinachopanda ndani ya pete hiyo, na ndicho kinachotuwezesha kugeuza kichwa kushoto na kulia. Nyuma yake tu umepita ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Ukibanwa hapo pumzi hukatika, maana neva za kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, hutoka chini zaidi, usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5.

Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili na ndiye atoe amri. Watatu wamgeuze mwili kwa pamoja, kama gogo.

Hospitalini, eksirei ya shingo iliyopigwa kwa upande pekee haitoshi. Kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, ndicho bora, hasa kwa mzee, hata kama alianguka kitandani tu. Kijino kikivunjika kwenye kitako chake, kwa wazee mara nyingi hakiungi.

Wapo wanaofungwa kola ngumu, wengine hufanyiwa upasuaji, na wengine huvikwa pete ya kuzunguka kichwa iliyokazwa fuvuni kwa skrubu, kwa kawaida 4, kwa wiki 12 hivi. Skrubu hizo ndizo zinazosahaulika! Hulegea, huota usaha. Ngozi inayozizunguka isafishwe kama alivyoelekeza daktari, na mgonjwa akihisi pete inacheza arudi siku hiyohiyo, asiikaze mwenyewe.

Ni sisi,
Wahudumu wa majeruhi